Limuru 1966: Kwa nini KANU iligawanyika, na ardhi iliingiaje humo?

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, taarifa zetu za habari hujaa maneno haya: kambi, mrengo, waasi wa chama, wajumbe halali na wajumbe bandia. Katibu mkuu huyu amefukuzwa, yule amekimbilia mahakamani. Wasikilizaji wengi hutuuliza: hawa watu wanagombania nini hasa? Na sisi huku mashambani inatuhusu nini?

Njia nzuri ya kujibu ni kutazama mgawanyiko mmoja ambao mwisho wake unajulikana. Tumechagua ule wa KANU, chama kilichoiongoza Kenya kupata uhuru, uliofikia kilele mjini Limuru mwezi Machi 1966. Wengi wameusikia ukisimuliwa kama ugomvi wa watu wawili, Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga, au kama ugomvi wa makabila mawili. Ulikuwa zaidi ya hayo. Mwanzoni kabisa, ulikuwa ugomvi juu ya shamba: nani apate, na nani alipe.

Kwa ufupi

- KANU iliundwa 1960 kwa kuunganisha watu wenye mawazo tofauti. Kilichowaweka pamoja ni kumwondoa mkoloni.
- Baada ya uhuru zilijitokeza kambi mbili. Moja ilitaka ardhi ya walowezi inunuliwe na kuuzwa kwa Waafrika. Nyingine ilitaka maskini na waliopigania uhuru wapewe bila malipo.
- Machi 1966, mkutano wa wajumbe Limuru ulifuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka manane. Odinga akabaki bila nafasi.
- Odinga alihama na kuunda KPU. Sheria ikabadilishwa haraka, na chama hicho kikapigwa marufuku 1969.
- Mbinu zilizotumika wakati huo bado zinaonekana katika vyama vya leo.

Chama kimoja, mawazo mengi

KANU ilizaliwa Mei 1960. Kenyatta alikuwa bado kizuizini kaskazini mwa nchi, baada ya kukamatwa Oktoba 1952 wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni haikukubali awe kiongozi wa chama, kwa hiyo James Gichuru alishika kiti cha rais wa chama kwa niaba yake. Odinga akawa makamu. Tom Mboya, kijana aliyejijengea jina katika vyama vya wafanyakazi, akawa katibu mkuu.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Odinga hakuanza kama adui wa Kenyatta. Juni 1958, wakati wanasiasa wengi waliogopa hata kumtaja, Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi wa kweli wa watu. Alishutumiwa vikali kwa kauli hiyo, hata na Waafrika wenzake.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961 na muda mfupi baadaye akachukua uongozi wa KANU. Chama kilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na bendera ya uhuru ikapandishwa tarehe 12 Desemba mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akiwa rais na Odinga makamu wake.

Chama cha ukombozi ni kama watu waliokutana kuzima moto. Moto ukiwaka, hakuna anayemuuliza mwenzake atajenga nyumba ya namna gani. Ukizimika, ndipo mabishano yanapoanza. Ndivyo ilivyokuwa KANU.

Suala la ardhi lilikuwa nini?

Kwa zaidi ya miaka 50, ardhi bora ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu. Waafrika waliishi katika maeneo ya akiba yaliyojaa watu, au kama vibarua na maskwota ndani ya mashamba hayo. Kwa wananchi wengi, neno "uhuru" lilimaanisha jambo moja: kurudishiwa mashamba.

Jambo la pili lilitokea wakati wa Hali ya Hatari. Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliharakisha mpango wa kuunganisha vipande vya ardhi na kuandikisha wenyewe, hasa katika Mkoa wa Kati. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa msituni, gerezani au kambini. Baadhi yao waliporudi nyumbani walikuta ardhi yao imeandikishwa kwa jina la mwingine, mara nyingi mtu aliyekuwa upande wa serikali.

Kabla ya kuondoka, Waingereza walianzisha mpango uliojulikana kama wa Ekari Milioni. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa mkopo, yakakatwakatwa, na familia zipatazo 35,000 za Waafrika zikapewa makazi humo. Lakini hazikupewa bure. Mkulima aliyepata kipande alipata pia deni, la ardhi na la kuanzishia kilimo, la kulipwa kwa miaka mingi. Mashamba mengine makubwa yalinunuliwa yakiwa mazima na Waafrika wenye uwezo wa kukopa, wakiwemo wanasiasa na maofisa wa serikali.

Hapo ndipo chama kilipopasukia.

Kambi ya kwanza: nunua, zalisha, kuza uchumi

Kambi hii iliongozwa na Kenyatta mwenyewe, pamoja na Mboya, Gichuru na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo. Hoja yao, tukiieleza kwa haki, ilikuwa hivi.

Nchi changa inahitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zinatoka kwenye kahawa, chai na mazao mengine ya mashamba makubwa. Ukinyang'anya mashamba leo, wawekezaji watakimbia kesho na mazao yatashuka. Hati ya ardhi lazima iheshimiwe, kwa sababu hati ikivunjwa mara moja hakuna mwenye ardhi atakayelala salama. Na anayepewa bure, walisema, hatathamini alichopewa.

Mwaka 1965 mawazo hayo yaliandikwa katika waraka wa serikali uitwao Waraka wa Kikao Nambari 10, ulioandaliwa chini ya Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Jina lake lilitaja ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake, hata hivyo, ulilinda mali ya mtu binafsi na kupendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye mvua, ardhi nzuri na barabara, kwa matarajio kwamba faida ingesambaa baadaye hadi sehemu nyingine. Wasikilizaji wetu wa maeneo kame, ambao bado wanangoja barabara na maji, wanaweza kupima wenyewe kama faida hiyo iliwafikia.

Kambi ya pili: waliopigana wapewe

Kambi hii ilimzunguka Odinga. Ndani yake walikuwemo Bildad Kaggia na Achieng' Oneko, ambao wote wawili walishtakiwa na kufungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Alikuwemo pia Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa, aliyewahi kuzuiliwa na wakoloni, na ambaye alikuwa mpangaji hodari wa mikakati.

Wao walisema hivi: ardhi iliibwa, na mtu hanunui mali yake iliyoibwa. Wasio na mashamba na wapiganaji wa msituni wapewe bila malipo. Mashamba makubwa yageuzwe vyama vya ushirika badala ya kuwa mali ya mtu mmoja, na pawe na mpaka wa ukubwa wa shamba ambalo mtu mmoja anaweza kumiliki. Kaggia, aliyekuwa mbunge wa Kandara, alisema hayo hadharani bila kuchoka. Juni 1964 aliondolewa kwenye nafasi yake serikalini kwa sababu ya msimamo huo.

Aprili 1965 Kenyatta alihutubia mkutano huko Kandara, Kaggia akiwepo. Alimlinganisha na wenzao wengine wa Kapenguria waliokuwa wameshajipatia nyumba na mashamba, kisha akamuuliza mbele ya umati: wewe umejifanyia nini? Swali hilo lilionyesha tofauti ya kambi hizo mbili kuliko waraka wowote. Kwa upande mmoja, mtu asiyejitajirisha alionekana mzembe. Kwa upande wa pili, kutojitajirisha ndiko kulikuwa uaminifu kwa waliopigana.

Je, ulikuwa ugomvi wa kikabila?

Tazama majina. Kaggia alikuwa Mkikuyu, naye alimpinga Kenyatta. Mboya alikuwa Mjaluo, naye ndiye aliyepanga mikakati ya kumwondoa Odinga. Pinto alikuwa na asili ya Kihindi. Kambi ziligawanyika kwa mawazo na kwa maslahi, na kila kabila kubwa lilikuwa na watu pande zote mbili.

Ukabila uliingia baadaye, na tutaona ulivyoingia. Tunalisema hili mapema kwa sababu hadithi ya kikabila ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu, na imefunika swali la ardhi lililokuwepo kabla yake.

Nje ya nchi pia kulikuwa na mikono

Hiyo ilikuwa miaka ya Vita Baridi, wakati Marekani na nchi za Magharibi zilishindana na Urusi ya Kisovieti na Uchina. Mboya alikuwa na marafiki Marekani, waliomsaidia kupeleka vijana wengi wa Afrika Mashariki kusoma huko. Odinga alipata misaada na nafasi za masomo kutoka nchi za kikomunisti.

Kila upande ulimtuhumu mwenzake kuwa kibaraka. Mwaka 1965 hofu ilipanda. Mwezi Aprili, meli ya Kisovieti iliyoleta silaha Mombasa ilirudishwa na Kenyatta. Mwezi uliofuata, msafara wa silaha za Kichina uliokuwa ukielekea Uganda ulikamatwa ndani ya Kenya. Taasisi ya Lumumba, chuo cha kufunza makada wa KANU kilichojengwa kwa msaada wa nchi za kikomunisti, kilifungwa mwaka huohuo.

Kabla ya hayo, tarehe 24 Februari 1965, Pinto aliuawa kwa kupigwa risasi kwenye lango la nyumba yake Nairobi. Kambi ya Odinga ilipoteza mtu aliyejua kuhesabu kura na kupanga watu. Waliotuma wauaji hawajawahi kufikishwa mahakamani.

KADU iliingiaje?

Wakati wa kupigania uhuru, chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala na Daniel arap Moi, kilikuwa mpinzani wa KANU. Novemba 1964 kilijivunja na wanachama wake wakaingia KANU.

Wengi walishangilia umoja huo. Lakini tazama hesabu yake. Viongozi wa KADU hawakupendezwa na siasa za Odinga na Kaggia, kwa hiyo walipoingia waliegemea upande wa Kenyatta na Mboya. Kambi iliyokuwa na nguvu karibu sawa na mwenzake ikapata ghafla watu wapya bila kumshawishi hata mwanachama mmoja wa zamani. Ndiyo maana leo chama kinapomeza chama kingine, swali la kuuliza ni: wageni hawa watampigia nani kura ndani?

Siku za Limuru

KANU ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila mkutano mkuu wa wajumbe. Matawi mengi yalikuwa na makundi mawili, kila moja likidai kuwa ndilo halali. Machi 1966 mkutano uliitishwa Limuru, Mboya akiwa mpangaji mkuu. Upande wa Odinga ulilalamika kwamba taratibu za chama hazikufuatwa.

Katiba ya chama ilibadilishwa. Cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Odinga, kilifutwa. Mahali pake pakawekwa makamu wanane: mmoja kwa kila mkoa kati ya mikoa saba, na mmoja wa Nairobi. Moi akapata Bonde la Ufa, Ngala akapata Pwani.

Hakuna aliyetangaza kwamba Odinga amefukuzwa. Kiti chake kilikatwa vipande vinane, na hakuna kipande kilichomfikia. Kumfukuza kungemfanya shujaa, ilhali kubadilisha muundo wa chama kulionekana kama utaratibu wa kawaida tu.

Katika kura ya makamu wa Mkoa wa Kati, Kaggia alishinda mara ya kwanza. Kura ilirudiwa, na Gichuru akatangazwa mshindi. Mtu aliyetetea wasio na mashamba alikuwa na wafuasi nyumbani kwa Kenyatta mwenyewe, na hilo halikuruhusiwa kubaki kwenye kumbukumbu.

Baada ya Limuru: sheria inabadilishwa

Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, yaani KPU. Oneko alijiuzulu uwaziri akamfuata. Wabunge wapatao 30 walihama.

Kabla mwezi haujaisha, Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba: mbunge anayehama chama kilichomdhamini anapoteza kiti na lazima arudi kwa wapiga kura. Kwa maneno matupu, sheria hiyo ina haki ndani yake. Mwananchi alichagua mtu akiwa na chama fulani, kwa nini asiulizwe tena? Lakini ilitungwa kwa siku chache na kuwapata watu waliokwisha kuhama. Baadhi yao, walipoona hatari, walitaka kurudi KANU.

Juni 1966 ulifanyika uchaguzi ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, kwa viti 29 vya Bunge na Seneti. KPU ilipata viti 9. Kaggia alishindwa Kandara na Oneko akashindwa Nakuru. Odinga alishinda Bondo. Ukijumlisha kura zote nchini, KPU ilipata nyingi kuliko KANU, lakini kura hizo zilikuwa zimerundikana sehemu moja, hasa Nyanza.

Hapa ndipo ukabila ulipopata mlango. KPU iliposhindwa Mkoa wa Kati na Bonde la Ufa ikabaki na ngome moja, wapinzani wake waliweza kusema: hiki ni chama cha Wajaluo. Mkulima wa Kandara asiye na shamba na mvuvi wa Bondo, ambao walikuwa wakiuliza swali moja, wakatenganishwa.

Katikati ya 1966 serikali ilijipa pia mamlaka ya kumzuilia mtu bila kesi. Mwaka 1968 karatasi za karibu wagombea wote wa KPU katika uchaguzi wa serikali za mitaa zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Kaggia alifungwa mwaka huo kwa kufanya mkutano bila kibali.

Aliyepanga naye akapangiwa

Odinga alipoondoka, je, KANU ilitulia? Hapana. Kambi iliyoshinda iligawanyika yenyewe. Mboya, aliyefanya kazi kubwa Limuru, sasa alionekana tishio kwa waliomzunguka rais, kwa sababu alikuwa kijana, hodari, na mwenye wafuasi nje ya kabila lake. Mwaka 1968 Katiba ilibadilishwa tena, safari hii kuhusu nani ashike madaraka rais akifariki: makamu wake angeshika kwa siku 90, kisha uchaguzi. Makamu wakati huo alikuwa Moi. Wengi waliona mabadiliko hayo kuwa njia ya kumfungia Mboya mlango.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa kupigwa risasi katikati ya Nairobi. Nyanza iliwaka kwa hasira. Katika Mkoa wa Kati watu wengi walipelekwa kula viapo vya kulinda uongozi usitoke mikononi mwao. Oktoba 25 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya. Kukatokea makabiliano, na walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wakazi wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi.

Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake, Odinga na Oneko wakiwemo, wakatiwa kizuizini. Odinga aliachiliwa 1971, Oneko 1975. Kuanzia hapo, swali la Kandara halikuwa na chama cha kulibeba.

Mbinu zilizobaki

Limuru iliacha mbinu ambazo zimeonekana tena na tena. Tunataja mifano michache.

Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilizunguka likitaka Katiba ibadilishwe ili Moi asirithi moja kwa moja. Njonjo alilizima kwa onyo kwamba hata kuwazia kifo cha rais ni kosa la uhaini. Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978, Moi alichukua nafasi kwa kanuni ileile ya siku 90.

Mwaka 1991 Odinga alikuwa miongoni mwa waliounda FORD kudai vyama vingi. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, FORD ilikatika vipande viwili, Ford-Kenya na Ford-Asili. Moi alishinda.

Machi 2002, katika uwanja wa Kasarani, KANU iliungana na chama cha NDP cha Raila Odinga, mwana wa Jaramogi. Siku hiyo chama kiliweka nafasi nne za makamu mwenyekiti, na George Saitoti, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi, akaachwa nje ya orodha. Aliyesoma habari za Limuru hakushangaa. Miezi michache baadaye Moi alimteua Uhuru Kenyatta kuwa mgombea, kundi kubwa likahama, na Desemba 2002 KANU ikang'oka madarakani baada ya miaka 39.

Leo sheria inasemaje?

Kanuni ya 1966 ingali hai kwa sura mpya. Katiba ya 2010 inasema mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama anapoteza kiti akihama chama hicho. Tofauti ni kwamba sasa ipo Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa na lipo jopo la kusikiliza migogoro ya vyama, ambalo mwanachama wa kawaida anaweza kulifikia. Mwanachama halazimiki kuwa mheshimiwa ili alalamike.

Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Unaweza kuangalia hali yako kwa simu kupitia huduma za serikali mtandaoni, na kujiondoa ukitaka. Tunashauri ufanye hivyo kabla ya kura za mchujo, kwa sababu jina lako kwenye daftari la chama ni kura ambayo mtu anaweza kuihesabu bila wewe kujua.

Kuhusu ardhi, Katiba hiyohiyo inaliagiza Bunge kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Hilo ni mojawapo ya mambo ambayo kambi ya Odinga na Kaggia ilidai zaidi ya miaka 40 kabla.

Maswali manne ya kujiuliza

Ukisikia redioni kwamba chama fulani kina mirengo miwili, jiulize:

1. Wanabishania jambo gani? Kama ni bei ya mbolea, ardhi, kodi au shule, sikiliza hoja za pande zote. Kama hakuna mrengo unaoweza kulitaja, huenda wanagombania viti tu.
2. Nani ameandika orodha ya wajumbe? Kura ya mkutano mkuu mara nyingi huamuliwa kabla ya mjumbe kupanda basi.
3. Je, kanuni inabadilishwa katikati ya mchezo, na inamgusa nani?
4. Je, mvutano umeanza kupewa jina la kabila? Hilo likitokea, tafuta swali lililokuwepo kabla ya jina hilo.

Tarehe za kukumbuka

Mei 1960: KANU yaundwa.
Desemba 12, 1963: Uhuru.
Novemba 1964: KADU yajivunja na kuingia KANU.
Februari 24, 1965: Pinto auawa.
Machi 1966: Mkutano wa Limuru.
Aprili 1966: Odinga ajiuzulu, sheria ya wanaohama yapitishwa.
Juni 1966: Uchaguzi Mkuu Mdogo.
Julai 5, 1969: Mboya auawa.
Oktoba 1969: Ghasia za Kisumu, KPU yapigwa marufuku.

Kaggia alirudi KANU 1969, lakini hakupata tena nafasi kubwa ya kisiasa. Aliishi maisha ya kawaida, akiendesha kinu cha kusaga unga, hadi alipofariki 2005. Aliyeulizwa amejifanyia nini alikufa bila utajiri. Katika vijiji vingi, swali alilouliza yeye, la nani apate shamba na nani alipe, linasikika hadi leo.